Mkeka wa Wakwe

Mtu wa kwanza kumwibia Valeria Ignasi nyimbo zake ndiye huyo huyo aliyekuja kumwibia moyo, na wizi wote huo aliufanya akiwa ameketi kwenye stuli ya plastiki yenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya.

Ilikuwa stendi ya mabasi ya Lindi, saa nne asubuhi, wakati ambao wapiga debe wamemaliza kugombania abiria na wameanza kugombana wao kwa wao. Leonadi alikuwa kibandani kwake, kibanda cha bati chenye maandishi ya buluu: NYIMBO ZOTE UTAZIPATA KWA LEO. Kazi yake ilikuwa kuwajazia watu nyimbo kwenye memori kadi na flashi: singeli kwa bodaboda, kwaya kwa akina mama, taarabu kwa wanaojiandaa kumsema jirani. Asubuhi hiyo spika yake ilikuwa inapiga kitu kingine kabisa, sauti ya msichana na gitaa moja, polepole, kama mtu anayesimulia ndoto kabla hajanawa uso.

Msichana mmoja akasimama mbele ya kibanda. Alivaa gauni la kitenge la njano, raba nyeupe zilizokwisha kuwa nyekundu kwa vumbi, na mgongoni alibeba gitaa ndani ya mfuko ulioshonwa kwa gunia la mchele.

"Kaka, huyo anayeimba ni nani?"

"Simjui, dada. Jamaa mmoja aliniletea kutoka Kilwa. Ila nakuambia, huyu binti ana matatizo. Sikiliza hapo. Umesikia? Huyo ameachwa na mtu mwenye gari."

"Hajaachwa."

"Wewe umejuaje?"

"Huo wimbo ni wa mbuzi."

Leonadi akakunja uso. "Mbuzi gani?"

"Mbuzi wetu alipotea nikiwa na miaka tisa. Alikuwa na doa hapa shingoni."

Leonadi akalitazama gitaa. Akaitazama kompyuta yake. Akalitazama gitaa tena. Kisha mkono wake ukaenda taratibu kwenye kitufe, akapunguza sauti kama mtu anayefunika sufuria aliyokutwa akiichota.

"Dada," alisema, "mimi nilikuwa nakutunzia tu."

Albamu yenyewe iliitwa Homa ya Mchana, nyimbo kumi. Watu wa redio walishindwa waiweke wapi. Si bongo fleva, si taarabu, si kwaya, si singeli. Mtangazaji mmoja aliiita "muziki wa peke yake", na Valeria aliona hilo ndilo jina zuri kuliko yote. Alikuwa mpokea wageni kwenye nyumba ya kulala wageni Kilwa Masoko, na aliirekodi chumba namba sita, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani ili sauti isirudi.

"Haya, jina lako kamili," Leonadi alisema, akichukua kalamu kwa heshima iliyochelewa. "Nikuandikie barua ya kuomba radhi."

"Valeria Ignasi Nambunga. Wa Mchinga."

Kalamu ikasimama. "Nambunga wa Mchinga? Waliotokea Newala?"

"Ndiyo."

"Basi siombi radhi tena." Akairudisha sauti juu. "Mimi ni Mbonde wa Kipatimu. Babu yako na babu yangu ni watani. Mali ya mtani haiibiwi, inachukuliwa."

Valeria akacheka kwa mara ya kwanza. Ni kweli. Koo zile mbili zilikutana zamani, mwaka wa njaa, kila upande ukiwa umebaki na watu wachache, wakazikana wao kwa wao. Tangu hapo Mbonde akifa, Nambunga huja kumfanyia mzaha. Nambunga akifa, Mbonde huja kuvaa nguo zake na kuigiza sauti yake, ili kifo kijue hakijawatisha watu.

"Kama ni mtani," Valeria alisema, akikivuta kiti cha wateja, "basi hiki nakichukua." Na kweli alikichukua. Akaondoka nacho mpaka kwenye basi, Leonadi akimfuata nyuma anambembeleza, stendi nzima ikishangilia.

*

Mapenzi yao yalianzia kwenye kile kiti, yakaendelea kwenye simu. Leonadi alipiga kila mchana, wageni wa Valeria wakiwa wamelala.

"Halo, mtani. Umekula?"

"Nimekula wali na pweza."

"Na hukunikumbuka?"

"Nilikukumbuka nilipofika kwa pweza. Mikono minane, kazi hakuna."

"Vale, wewe una mdomo. Nani atakuoa?"

"Yupo mwizi mmoja wa stendi. Anajifikiria."

"Amemaliza kujifikiria zamani. Anaogopa baba yako."

Baba yake, Mzee Ignasi, alikuwa mwalimu wa kwaya wa kigango cha Mchinga kwa miaka thelathini. Mwembamba, mrefu, koti la kaki jua na mvua, kofia ya pama. Kabla hajasema neno alikohoa mara mbili, kisha akaanza: "Sikilizeni nyie." Hata akiwa na mtu mmoja. Nyimbo za mwanawe hakuzipenda, au ndivyo alivyosema. Aliziita nyimbo za mtu mwenye homa, na Valeria kwa ubishi akaichukua homa hiyo akaifanya jina la albamu. Yeye mwenyewe Mzee hakuwahi kurekodiwa. Watu walipokuja kurekodi kwaya yake alisimama nje mpaka wakaondoka. Alisema sauti kaitoa Mungu, haiwekwi kwenye kibati.

Siku Leonadi alipokwenda Mchinga mara ya kwanza, alivua kofia tangu akiwa mbali, kwenye minazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Kikohozi, kikohozi. "Sikilizeni nyie. Huyu ndiye Mmatumbi? Mbona ana miguu? Nimesikia Wamatumbi wa Kipatimu wanateremka mlima kwa kujiviringisha."

"Kweli mzee, ila jana mvua ilinyesha. Nikaogopa kuchafua shati."

Mzee akacheka mpaka akashika nguzo. Walipomaliza kula, Leonadi alikohoa mara mbili, akaivuta shingo, akasema, "Sikilizeni nyie. Nani kamaliza samaki?" Ilikuwa sauti ya Mzee Ignasi yenyewe, na mkwaruzo wake, na ile pumzi inayobaki nyuma ya neno la mwisho. Bertha, dada wa Mzee, aliyekuwa jikoni, akaitikia, "Si wewe mwenyewe, kaka!" Hapo ndipo Mzee alipotokwa na machozi kwa kicheko. Akafuta macho, akakaa sawa.

"Sikiliza wewe kijana. Utani mtamu, nami naupenda. Lakini mtani akitaka kuoa hapa, siku hiyo meno atayaacha mlangoni pamoja na viatu. Atakaa mkeka wa wakwe, atanyamaza. Mkwe mchekeshaji hapa hatujapata kumwona."

"Nimesikia, mzee."

"Umesikia. Swali ni kama utaweza."

Jioni hiyo Mzee alimsindikiza mpaka barabarani, wawili tu, akamwomba jambo moja na kumkataza asimwambie mtu. Leonadi akaapa. Jambo lenyewe tutalikuta mbele ya safari.

Barua ya posa ilipangwa ipelekwe baada ya Pasaka. Valeria alikwenda Kivinje kwa Mwanahija, msusi wa mikeka, akaagiza mkeka wa zambarau na kijani. Ulipofika nusu akaupiga picha, akamtumia Leonadi. Chini yake aliandika: "Hapa ndipo utakaponyamazia, mume wangu. Sijui utaweza dakika ngapi."

Leonadi akajibu: "Tatu. Ya nne nakufa."

*

Mzee Ignasi hakuisubiri Pasaka. Alianguka kwenye shamba la ufuta, asubuhi, jembe likiwa mkononi, na hakuinuka.

Simu ya Leonadi iliita saa sita. Ni baba yake, kutoka Kipatimu. "Mwanangu, mtani wetu amelala. Huku mvua imekata barabara, hatufiki. Mbonde ni wewe peke yako. Usituaibishe." Alipompigia Valeria, simu yake ilikuwa imezimika, alikuwa njiani kutoka Kilwa. Kivinje alishuka, akauchukua mkeka, rangi yake ikiwa bado inaacha alama mikononi.

Kwao Mchinga, msibani, wakwe wana upande wao, karibu na ukuta wa jiko, na wanakaa kimya. Valeria aliutandika mkeka pale. Akamwambia shangazi Bertha mbele ya watu, "Asikae mtu hapa. Ana mwenyewe, anakuja." Watu wakatazamana. Kwa binti ambaye posa yake haijaletwa, hilo lilikuwa neno zito. Lakini alilisema, kisha akaenda kukaa miongoni mwa wanawake, uso kwenye njia.

Leonadi akafika saa nane. Aliuona mkeka kabla hajaona kitu kingine. Zambarau na kijani, mtupu, watu wakiupita kwa pembeni kama shimo. Akamwona Valeria, kanga nyeusi mpaka kwenye paji la uso, macho yamemganda.

Hatua thelathini tu. Alijiambia: nikikaa pale, nani atafanya utani? Akajiambia: barua haijafika, watu watauliza huyu mkwe kaja lini, nitamvunjia heshima. Hayo aliyojiambia yote yalikuwa kweli. Ambalo hakujiambia ni kwamba akinyamaza dakika moja atalia mbele ya Mchinga nzima. Mtu aliyezoea kuchekesha huogopa kulia kuliko kuzama.

Basi akapita. Akaingia ndani, akatoka amevaa koti la kaki na pama. Jeneza lilipoinuliwa akajilaza mbele yake, akadai kuku wawili ndipo apishe njia. Akakohoa mara mbili.

"Sikilizeni nyie. Mnanipeleka wapi na ufuta haujavunwa?"

Kicheko kikapasuka katikati ya kilio. Wanawake walicheka huku wakipangusa makamasi. Mzee mmoja akasema, "Ni yeye. Ni yeye kabisa." Leonadi akazidi kupata moto. Akainuka, akaigeuza ile sauti upande wa wanawake.

"Valeria! Vale! Hizo nyimbo zako za homa, leo utaniimbia upi?"

Watu wakacheka tena. Leonadi akameza mate, akainua kichwa ili aseme yaliyobaki. Valeria hakuwa tena kati ya wanawake. Alikuwa amepiga magoti ukutani mwa jiko, anakunja mkeka. Aliukunja polepole, mkono kwa mkono, mpaka mwisho, akaubeba begani kama mtu anayehama, akaingia nao ndani.

Kesho yake alipokea simu mara moja tu.

"Nilikutandikia," alisema.

"Vale, nisikilize, baba aliniambia..."

"Nilikutandikia, Leo. Watu wote waliona."

Baada ya hapo namba ya Leonadi haikuingia tena.

*

Mwaka mzima. Leonadi aliendelea kuchekesha stendi, maana watu walimzoea hivyo, lakini akirudi kibandani alikaa kama redio iliyochomolewa. Homa ya Mchana aliifuta kwenye kompyuta. Mteja akiiomba alijibu, "Mwenyewe kaichukua." Kiti cha wateja hakununua kingine. Waliokuja walisimama.

Siku moja akaja Helena, rafiki wa Valeria anayempigia ngoma ndogo kwenye nyimbo zake. Akaweka boksi la sabuni mezani.

"Hujambo, mchekeshaji."

"Sijambo, Helena. Umenenepa, au ni huzuni ya kuniacha?"

"Ni chapati. Nina mzigo wako." Akatoa kitu akakisukuma mezani kwa kidole kimoja. "Homa ya Mchana, toleo maalumu. Nyimbo kumi zile zile, na mmoja mpya. Tumetoa nakala mia tu. Hii ni namba moja."

Kilikuwa kijifuko cha ukubwa wa kiganja, kimesukwa, kimeshonwa pembeni kwa uzi mweusi. Ndani yake flashi. Leonadi hakuitazama flashi. Alikuwa anatazama kijifuko. Zambarau na kijani.

"Helena. Huu ni..."

"Ndiyo huo. Tuliukata wenyewe, mimi na yeye, siku mbili. Mkeka mmoja umetoa mifuko mia. Mwanahija wa Kivinje alipoona mkasi alitoka nje, hakuweza kutazama."

Leonadi akachomeka flashi. Alizipita nyimbo kumi, akaenda kwa wa kumi na moja. Uliitwa Mkeka wa Wakwe. Gitaa likaingia peke yake, kisha sauti aliyoifahamu, imepungua kidogo, imekomaa.

Nimetandika zambarau, nimetandika kijani,
mgeni wangu kafika, kakaa juu ya kicheko.
Jua limepanda ukuta, limeshuka uwanjani,
mkeka wangu mpya bado, hauna hata joto.

Gitaa likakoma. Kikohozi, kikohozi. "Sikilizeni nyie. Mnanipeleka wapi na ufuta haujavunwa?" Kicheko cha watu. "Valeria! Vale! Hizo nyimbo zako za homa, leo utaniimbia upi?" Kicheko kingine. Halafu kimya, na ndani ya kimya hicho mkwaruzo wa ukindu unaokunjwa, mkono kwa mkono, mpaka mwisho.

"Nilikuwa narekodi kwa simu," Helena alisema, "niwatumie ndugu walioko Msumbiji. Sikujua nitanasa na sauti ya mkeka."

Bodaboda mmoja akaingiza kichwa. "Leo, hiyo ngoma ya mzee anayekohoa kali. Niwekee."

"Hii haiwekwi," Leonadi alisema.

Helena akabeba boksi lake. "Jumamosi uzinduzi, Kilwa Masoko, saa tisa alasiri. Hajasema uje." Akafika mlangoni. "Hajasema usije pia."

*

Alikwenda amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na mfuko wa kifuani ilikuwemo barua ya posa, ile ile ya mwaka jana, tarehe imefutwa na kuandikwa upya. Ukumbi ulikuwa ule wa chakula wa nyumba ya wageni, watu arobaini hivi. Valeria alivaa gauni jeusi na kilemba cha zambarau. Aliimba nyimbo kumi. Wa kumi na moja hakuuimba. Alisema, "Ule mtausikiliza nyumbani," na macho yake yakapita juu ya kichwa cha Leonadi bila kutua.

Watu walipoondoka Leonadi alimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye ngazi, mashuka ya wageni yakipepea kwenye kamba.

"Karibu, mtani," Valeria alisema. Hakumwita hivyo kwa ubaya. Ndiyo maana ilimuuma.

"Umepungua, Vale."

"Na wewe umevaa shati la kuzikia. Hicho kinachochungulia mfukoni ni nini?"

"Risiti ya umeme."

Valeria akatabasamu upande mmoja, likaisha. Leonadi akakaa kando yake. Shuka moja likajaa upepo, likashuka.

"Nataka ujue kitu," Valeria alisema. "Baba hakuacha sauti. Hata kwenye simu hakupenda kuongea, alimpa shangazi. Sauti yake niliyonayo ni ile uliyoiigiza wewe. Nimeisikiliza kila asubuhi mwaka mzima. Kinachonipa baba ndicho kinachonikumbusha ulivyonipita. Vimekaa kwenye koo moja. Sijui nikichukie au nikibusu, kwa hiyo nimekiweka kwenye albamu."

"Vale, naomba nikuambie jambo. Baba yako alinikataza, lakini mtani ana ruhusa ya kutoa siri ya marehemu, na siku ya msiba nilikuwa naelekea kuitoa. Ule mzaha wa nyimbo za homa ulikuwa mlango tu. Nilitaka watu wacheke kwanza, kisha niseme."

"Useme nini?"

"Ile siku ya kwanza, aliponisindikiza barabarani, alitoa kwenye kitambaa memori kadi ya redio yake ndogo. Akasema, 'Sikiliza wewe. Niwekee nyimbo za huyu mtoto. Zote. Na ukimwambia, siku ya kuoa nitakufukuza ukiwa umeshavua viatu.' Nikamwekea. Kumi zote. Wiki mbili baadaye akaja stendi mwenyewe, eti amekuja kununua misumari. Akaniambia ule wa mbuzi umemsumbua. Akasema hakujua kwamba ulilia siku ile, maana nyumbani hukulia."

Valeria akayavuta magoti kifuani. Mikono yake ilikuwa imeshikana magotini.

"Unanidanganya," alisema mwishowe. "Wewe unajua kuigiza."

"Sijaigiza. Nimesema kwa sauti yangu. Redio yake iko wapi?"

Valeria akatoa simu. Ilipokelewa baada ya mlio wa sita, na sauti ya shangazi Bertha ikajaa uani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Umekwisha kuimba? Umekula?"

"Nimekula. Shangazi, ile redio ndogo ya baba?"

"Ipo, nimeiweka juu ya kabati. Kuku anaipenda, analala juu yake."

"Ina memori kadi pembeni?"

"Ngoja nivae miwani. Hebu toka wewe, toka. Kuna kidude hapa, kimeingia chote. Nikitoe kwa kisu?"

"Usikitoe. Iwashe."

Zikasikika kelele za kuku, waya, sahani. Kisha kupitia simu, kwa mbali, kwa mkwaruzo, gitaa moja likaanza. Kisha msichana akaanza kuimba kuhusu mbuzi mwenye doa shingoni.

"Kumbe ni hii?" shangazi Bertha alisema. "Hii si ndiyo aliyokuwa akiisikiliza kila siku akienda shamba? Mimi nikadhani redio ya Msumbiji, maana maneno sikuyafuata. Hata siku ile tulimkuta inaimba. Mimi ndiye niliyeizima. Valeria? Mama, unanisikia?"

Valeria alikuwa ameinama, paji la uso kwenye magoti. Leonadi akaichukua simu taratibu, akasema, "Anakusikia, shangazi. Iache iimbe." Kisha naye akashindwa. Akalia vile alivyoogopa kulia Mchinga, kwa sauti, bila mpango, na mashuka ya wageni hayakuwa na la kusema.

Wimbo ukaisha. Ukaingia wa pili.

"Ungeniambia," Valeria alisema.

"Namba yangu ulikuwa umeifungia."

"Ungemwambia Helena."

"Ningeweza. Lakini sikutaka kumfanya marehemu nauli ya kurudi kwako."

Valeria akafuta uso kwa kilemba. Akamtazama vizuri sasa, kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kupanga. Akanyoosha kidole, akaisukuma ile barua ndani ya mfuko mpaka ikazama.

"Nimekusamehe, Leo. Nataka ulale ukijua hivyo. Umenipa baba leo, na sina cha kukulipa."

"Sitaki kulipwa. Nataka kukaa pale uliponitandikia."

"Pale hapapo. Nilihitaji mtu akae pale siku moja tu katika maisha yangu yote. Hakuhitaji kusema, hakuhitaji kuleta kitu. Siku hiyo imepita, na sina baba wa pili wa kuzika."

Leonadi akafungua mdomo. Mzaha ulikuwepo, tayari, ulimi ulikuwa umeshaushika. Akaumeza. Ulishuka kama mwiba wa samaki.

"Jumanne nakwenda Masasi na Helena, kisha Tunduru, kisha Songea," Valeria alisema akisimama. "Tukirudi, sijui. Huko mbele sijaona." Akamshika shavu mara moja, kiganja kikiwa bado kina maji ya machozi, akaingia ndani.

*

Jumanne, saa nne asubuhi, basi la Masasi liliingia stendi ya Lindi. Helena alishuka kununua maji. Valeria alibaki dirishani, kilemba cha zambarau, gitaa mapajani. Alikuwa anatazama upande wa pili.

Leonadi akatoka kibandani. Alivua viatu, akavipanga mlangoni, ncha zikitazama nje. Akatembea mpaka pale basi liliposimama, akainama, akaweka chini kijifuko chake cha ukindu, kile cha namba moja, alichokifumua pembeni kikawa bapa. Hakikuzidi kiganja. Paka angekikataa. Leonadi akakaa juu yake, miguu kaikunja, mikono magotini, mdomo kaufunga.

Wapiga debe wakaona. "Leo! Leo hii ni komedi gani?" "Mwambieni amekalia kiberiti." Mmoja akaja kukaa karibu naye, akamwigiza, stendi ikacheka. Leonadi hakugeuka. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili. Jasho lilimshuka nyuma ya sikio, hakulifuta.

Valeria akageuza uso.

Aliviona viatu kwanza, kule mlangoni. Kisha akamwona yeye. Mkono wake ukaenda mdomoni, mabega yakaanza kutikisika, na kwa vile kioo kilikuwa na vumbi, hakuna mtu pale stendi aliyeweza kusema kama ni kicheko au ni kile kingine. Helena alipanda na chupa mbili za maji, akamwona, akakaa bila kumwuliza.

Ya tatu ikapita. Honi ikalia. Basi likarudi nyuma, likageuka, na kabla halijaingia barabarani mkono mmoja ulitoka dirishani ukabaki hewani, haupungi, umefunguliwa tu, mpaka vumbi likaumeza.

Ya nne ikapita, na Leonadi hakufa.

"Kaka, niwekee singeli," kijana wa bodaboda alisema juu ya kichwa chake. Leonadi akainua kidole kimoja, kumwomba asubiri. Akaendelea kukaa mpaka wapiga debe wakachoka kucheka, wakaenda kulipokea basi la Dar. Ndipo akainuka. Akakiokota kile kipande cha mkeka, akakipangusa mchanga, akakifumbata.

Kilikuwa na joto.